Maisha ya Ibnul Haytham, Aliyeacha Diwani Akala kwa Kalamu Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Katika miji yetu ya pwani mtu akipata kiti katika afisi ya serikali huhesabiwa kuwa amekwisha kufika. Mama yake humwombea dua kiti kisimponyoke, wakwe humwongezea heshima, na wenye maduka humpa vitu kwa mkopo bila ya kumwuliza atalipa lini. Lakini siku akikiacha kiti kile kwa khiari yake, akenda kukaa barazani kuuza kitu alichokifanya kwa mkono wake, watu husema mojawapo ya maneno mawili: ama amefukuzwa kwa khiana, ama akili zimemruka. Katika kijitabu hiki nimekusudia kueleza maisha ya mtu mmoja katika wakubwa wa elimu wa Kiislamu, ambaye alitoka katika kazi ya diwani akiwa mtu mzima wa miaka khamsini na saba, akashika biashara ndogo kabisa mlangoni pa msikiti. Na hilo la akili kuruka, watu walilisema juu yake kweli kweli, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyetaka walisadiki.

Mtu huyo ni Abu Ali, Hasan bin Hasan bin Haytham, ajulikanaye kwa Ibnul Haytham. Wazungu humwita Alhazen, nalo ni jina lake la Hasan lililogeuzwa kwa ndimi zao. Khabari zake tumezipokea khasa kwa watu watatu: Dhahirud-Din Bayhaqi, aliyekufa mwaka 565 (1169), Jamalud-Din Ibnul Qifti, aliyekuwa waziri katika mji wa Halab, aliyekufa mwaka 646 (1248), na tabibu Ibn Abi Usaybia wa Sham, aliyekufa mwaka 668 (1270). Watu hawa hawakuafikiana katika kila jambo, na pale walipokhitalifiana nitaeleza.

KUZALIWA KWAKE NA KAZI YAKE YA KWANZA

Alizaliwa Basra yapata mwaka 354 (965). Basra ndio ule mji ambao wazee wetu waliujua kwa tende zake, zilizokuwa zikija na majahazi katika msimu wa kaskazi. Siku zile ulikuwa chini ya wafalme wa Bani Buwayh, nao ulikuwa mji wa biashara na wa elimu pamoja. Mtu aliweza kutoka bandarini akaingia darasani kwa mwendo mfupi. Huko ndiko Ibnul Haytham alikosoma hesabu, na handasa, yaani elimu ya mistari na maumbo, na falaki, akazama humo mpaka hapakuwa na kitabu cha Wayunani katika elimu hizo kilichofasiriwa kwa Kiarabu ambacho hakukifungua.

Alipokuwa mtu mzima akatiwa katika kazi ya serikali. Ibn Abi Usaybia asema alipewa uwaziri wa Basra na nchi zilizo karibu nayo. Msomaji asidhani kwamba kazi hiyo ni kukaa juu ya mto wa hariri na kupepewa. Kazi ya diwani katika zama zile ilikuwa ni hesabu za kharaji, na barua za amri, na mishahara ya askari ambao wakicheleweshewa huja na panga zao kuuliza; na aliyekuwa mwepesi wa hesabu ndiye aliyebebeshwa zaidi. Moyo wake ulikuwa katika duara na pembe tatu, na mikono yake ilikuwa katika madaftari ya watu. Wanaofanya kazi ya namna hii wanaijua hali hiyo bila ya mimi kuwaeleza.

Ibn Abi Usaybia asema kwamba hapo hapo Basra ndipo alipojifanya mwendawazimu ili aondolewe kazini, kisha akasafiri kwenda Misri. Ibnul Qifti yeye aliweka jambo hilo Misri, baadaye sana. Mimi nafuata mapokezi ya Ibnul Qifti, kwa kuwa ameeleza sababu yake na mwisho wake. Lakini wote wawili wameafikiana katika kiini cha khabari, nacho ni kwamba alikuwa mtu wa diwani, akatoka diwanini kwa njia ya wazimu wa uwongo, kisha akaishi Kairo kwa kunakili vitabu na kuviuza.

NENO LA MTO WA NILI

Siku moja, naye angali Iraqi, alisema mbele ya watu kwamba lau angelikuwa Misri angelifanya katika mto wa Nili jambo la kuwafaa watu wakati maji yajaapo na wakati yapunguapo. Alikuwa amesikia kwamba mto ule huteremka kutoka mahali palipoinuka katika mpaka wa nchi, na katika fikira zake aliona kwamba mahali kama pale maji yaweza kuzuiliwa na kufunguliwa kwa kipimo.

Neno lile lilikwenda mpaka likafika Kairo kwa Khalifa wa Kifatimi, Hakim bi-Amrillah. Na neno kama lile haliwezi kumpita mtawala wa Misri. Katika kisiwa cha Rawda pana nguzo ya kupimia maji, iliyojengwa mwaka 247 (861). Siku zile maji yakifika dhiraa 16 watu walishangilia, kwa kuwa mashamba yatanyweka na kharaji italipwa. Yakipungua sana hapo, mkate ulipanda bei na watu walianza kufa kwa njaa. Basi Hakim akampelekea mali kwa siri na kumtaka aje.

Akaja. Khalifa mwenyewe alitoka nje ya mji kumlaki, katika kijiji kiitwacho Khandaq, mlangoni pa Kairo, akamkirimu na kumpa nafasi ya kupumzika. Kisha akamtaka atimize neno lake. Ibnul Haytham akapewa mafundi wa ujenzi, wakaushika mto kwenda juu, zaidi ya kilomita 800, mpaka walipofika mahali paitwapo Janadil, kusini ya Aswan, penye maporomoko.

Njiani ndimo moyo wake ulimoanza kuvunjika. Kila walipopita aliona majengo ya watu wa kale wa Misri, mawe yaliyopangwa kwa handasa isiyo na kosa. Akajiambia nafsini mwake kwamba watu walioweza kazi kama hii, lau jambo la kuuzuia mto lingeliwezekana, wasingelikosa kulifanya. Alipofika Janadil akatazama ukingo huu na ukingo ule, akapima, akaona kwamba jambo lile halitakuwa. Akarudi Kairo akiwa ameona haya, akamwambia Khalifa kwamba amekosea.

Naona ni wajibu kusema hapa kwamba kosa lake lilikuwa la ulimi, la kuahidi kitu asichokiona kwa macho. Lakini fikira yenyewe haikuwa ya mjinga. Uzio wa kwanza wa Aswan ulimalizika mwaka 1902, na ule mkubwa, wenye urefu wa mita 111 kwenda juu, ulijengwa kuanzia mwaka 1960 mpaka mwaka 1970, kwa saruji na mitambo ambayo watu wa mwaka 400 wa Hijra hawakuiota. Wala si watu wengi ambao, baada ya kulakiwa na Khalifa mlangoni pa mji, hurudi na kukiri kwa vinywa vyao kwamba wameshindwa. Wengi wangelirundika mawe mtoni, wakala fedha ya ujenzi miaka kumi, kisha wakayalaumu maji.

KATIKA DIWANI YA HAKIM

Hakim alizipokea udhuru zake, kwa nje. Kisha akampa kazi katika diwani mojawapo, naye akaipokea. Ibnul Qifti aeleza kwamba aliipokea kwa khofu wala si kwa kuitaka, na baada ya kuipokea ndipo alipotambua ametia mguu wapi.

Hakim alitawala tangu mwaka 386 (996) mpaka mwaka 411 (1021), na aliukalia ufalme akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Haikubaliki kumnyima haki yake: yeye ndiye aliyefungua Darul Ilm Kairo mwaka 395 (1005), nyumba ya vitabu ambamo wanafunzi walipewa karatasi na wino bure. Lakini mkono ule ule uliogawa wino uligawa na mauti. Barjawan, aliyemlea na kumshikia dola, aliuawa mwaka 390 (1000). Fahd bin Ibrahim, waziri wake, aliuawa mwaka 393 (1003). Husayn bin Jawhar, mtoto wa yule jemadari aliyeujenga mji wa Kairo, alipewa cheo kikubwa, akaondolewa, akakimbia, akaandikiwa amani, akarudi, akauawa mwaka 401 (1011). Hawa ndio waliokuwa juu ya ngazi. Na karani wa chini, mwenye deni la ahadi ya Nili isiyotimizwa, alikuwa na nini cha kumkinga?

Hapa ndipo pazito. Kazi ile hakuweza kuiacha kwa barua, kwani anayemwacha Hakim ni kama aliyemtukana. Kukimbia hakukuwa amani pia, na aliyoyaona kwa Husayn bin Jawhar yalitosha kumfunza. Akafikiri, akaona mlango mmoja tu uliobaki. Sharia humwondolea kalamu mwendawazimu: hahesabiwi kwa neno lake wala kwa kitendo chake, wala mtawala hamtumi kazi. Akaanza kusema na kutenda mambo ya mtu aliyepotewa na akili, mpaka khabari zikaenea na zikamfikia Khalifa.

Yakawa aliyoyataka, na yakawa kwa bei yake. Mali yake ilitwaliwa ikawekwa chini ya mkono wa serikali kwa jina lake. Akawekewa watu wa kumtumikia na kumwangalia. Na yeye mwenyewe akafungwa minyororo, akawekwa katika pembe moja ya nyumba yake.

Huuliza baadhi ya watu kama haya hayakuwa uwongo, na mwanachuoni kumpasaje kusema uwongo kwa mwili wake mzima? Jawabu ni kwamba nafsi ni katika mambo matano ambayo sharia imekuja kuyalinda, na aliyekhofu kuuawa bila ya haki ana rukhsa ambazo aliye salama hana. Tena na atazame mtu alichokinunua kwa uwongo ule: hakununua cheo wala mali ya mtu. Alikubali kuonewa huruma na watoto wa jirani. Mtu aliyekuwa akitaabika kupima mwendo wa nyota alikubali kutazamwa kama asiyejua kuhesabu vidole vyake. Katika mambo yote ya maisha yake mimi naliona hili kuwa ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu wenye elimu huweza kustahamili njaa, lakini kudharauliwa akili zao hawawezi.

Aliendelea hivyo mpaka usiku wa tarehe 27 Mfunguo Mosi mwaka 411 (13 Februari 1021). Usiku ule Hakim alitoka peke yake juu ya punda kwenda jabali la Muqattam, kama ilivyokuwa desturi yake, wala hakurudi tena.

BIASHARA YA MLANGONI PA AZHAR

Alipohakikisha kwamba Hakim amekwisha ondoka duniani, Ibnul Haytham akajidhihirisha kuwa na akili zake timamu. Akafunguliwa, na mali yake iliyokuwa imezuiliwa akarudishiwa. Kwa hesabu ya mwezi alikuwa na umri wa miaka 57.

Sasa na tutazame alivyofanya. Mtu wa hesabu kama yeye, mwenye sifa iliyojulikana tangu Basra hata Aswan, sidhani kwamba angelikosa mlango wa kurudi diwanini chini ya Khalifa mpya. Hakurudi. Alitoka katika nyumba yake akenda kukaa katika kuba moja mlangoni pa Msikiti wa Azhar, ule uliojengwa tangu mwaka 359 (970) mpaka mwaka 361 (972), akaanza biashara yake.

Biashara yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwaka alinakili kwa mkono wake vitabu vya aina tatu. Cha kwanza, kitabu cha Euclid katika handasa, chenye makala 13, na 2 zilizoongezwa baadaye. Cha pili, vile viitwavyo Mutawassitat, yaani vitabu vya katikati: ni vijitabu vya Wayunani mbali mbali, kama cha Theodosius na cha Menelaus katika elimu ya tufe, ambavyo mwanafunzi huvisoma baada ya kumaliza Euclid na kabla ya kuanza falaki kubwa. Cha tatu, Majisti ya Ptolemy, makala 13 nyengine, ambayo ndiyo falaki kubwa yenyewe. Alipokwisha kunakili, mnunuzi alimpa dinari 150 za Kimisri, na hizo zikawa ndizo chakula chake na nguo zake mpaka mwaka mwengine. Bei ile ikawa kama desturi iliyokwisha kuandikwa: hapakuwa na kupunguziana, wala mnunuzi hakuwa na haja ya kuuliza mara ya pili.

Ukiigawa fedha hiyo kwa miezi utapata dinari 12 na nusu kwa mwezi. Dinari moja ilikuwa dhahabu ya gramu 4 na kitu, basi riziki ya mwaka mzima ilikuwa dhahabu iliyozidi kidogo gramu 600. Si umasikini huo, wala si utajiri. Ni riziki ya mtu aliyekaa kwanza akapima haja zake, kisha akatafuta kazi ya kuzitosheleza. Nasi twajua kwamba wafanyao biashara wengi huanza upande wa pili, hutafuta kwanza, na haja zikawa zinakua nyuma yao kama kivuli cha alasiri.

Rasilmali yake ilikuwa kitu gani? Kalamu ya mwanzi, wino, karatasi, rula na bikari. Lakini palikuwa na rasilmali nyengine isiyoonekana, nayo ndiyo iliyoifanya bei isimame bila ya kujadiliwa. Nasi watu wa pwani kazi hii hatuigeni. Siyu walikuwako waandishi wa misahafu ambao khati zao zilisifiwa, na aliyeshika msahafu wa Siyu ajua ni subira kiasi gani iliyomo katika ukurasa mmoja. Mwandishi wa msahafu ana hifadhi ya kumrudi: akikosea herufi, mwenye kuhifadhi atamzindua. Mwandishi wa Euclid hana. Katika kila umbo la handasa pana herufi pembeni mwake, na hoja yote hutembea juu ya herufi zile. Na jimu na hee hazina tofauti illa nukta moja. Mnakili asiyefahamu anachokinakili akiangusha nukta, mstari mmoja hugeuka kuwa mwengine, na mwanafunzi atakayekinunua kitabu atakesha usiku kucha akijilaumu yeye kuwa ni mzito wa akili. Na katika Majisti mna jedwali juu ya jedwali, na nyota zaidi ya 1,000 zilizotajwa mahali pake mbinguni, hesabu zake zote zimeandikwa kwa abjadi. Herufi moja ikikosewa, sayari hupotea njia.

Basi mnunuzi wa Ibnul Haytham hakuwa akinunua khati. Alinunua kitabu ambacho kila umbo lake limechorwa na mtu aliyelifahamu kuliko waalimu wote wa zama zake. Bidhaa ya namna ile haikupatikana sokoni kwa waraki, na ndiyo sababu haikuwa na haja ya dalali.

Najua kwamba baadhi ya wasomaji, khasa walio maduka, watasema kwamba biashara hii haikukua. Mtu huyu angeliweza kuwaweka vijana kumi chini yake, wakanakili naye akasahihisha, akauza seti kumi kwa mwaka badala ya moja. Ni kweli, na hesabu haimpingi. Lakini angelikuwa amejijengea diwani nyengine, na yeye ndiye waziri wake. Miaka ya Basra na ya Kairo ilimfundisha kwamba kinachoibiwa mtu katika kazi kubwa ni mchana wake, na mchana haurudishwi kama mali ya Hakim ilivyorudishwa.

Bayhaqi amepokea khabari mbili ambazo zaeleza tabia yake katika mambo ya fedha. Ya kwanza, kwamba amiri mmoja wa Sham alimfungulia mkono akampa mali nyingi. Ibnul Haytham akamweleza kwamba yeye hutoshwa na chakula cha siku na mtumishi. Kilichozidi hapo, akikiweka atakuwa ni mtunza hazina wa amiri, na akikitumia atakuwa ni wakili wake wa matumizi. Na akishughulika na kazi mbili hizo, elimu yake itashughulikiwa na nani?

Ya pili, kwamba alimjia amiri mmoja wa Samnan, aitwaye Surkhab, akitaka kusomeshwa. Akamtaka ujira wa dinari 100 kila mwezi. Ni fedha nyingi mno, na kila asikiaye hudhani kwamba hapa mzee alishikwa na tamaa. Surkhab akalipa, akakaa kusoma miaka mitatu. Alipotaka kurudi kwao, Ibnul Haytham akamtolea fedha zake zote, hazikupungua hata moja, akamwarifu kwamba yeye amiri ndiye atakayezihitaji arudipo katika ufalme wake. Kwamba alimtoza ili ajue kama elimu ni ghali kwake kuliko mali. Na kwamba katika kufundisha kheri hapachukuliwi ujira, wala rushwa, wala zawadi. Kunakili alikuza, kwa kuwa ni kazi ya mkono, kufundisha hakukuuza. Mpaka ule aliuweka mwenyewe. Na kula kwa kazi ya mkono si jambo la kumtia mtu aibu: Nabii Daud, juu ya ufalme wake, alikuwa akifua deraya.

VITABU VYAKE

Mchana uliobaki alifanyia nini? Ibn Abi Usaybia ametaja orodha ya vitabu vyake mpaka mwisho wa mwaka 429 (1038), navyo ni zaidi ya 90. Maana yake ni kwamba katika miaka ile ya mlangoni pa msikiti, naye yuazidi sitini na sabini, kalamu ilikuwa na zamu mbili: zamu ya mnunuzi na zamu yake mwenyewe. Maelezo yake juu ya upinde wa mvua na duara liuzungukalo mwezi aliyamaliza mwaka 419 (1028). Ana risala ya kutafuta upande wa Kibla kwa njia ya hesabu, na risala ya nuru ya mwezi, na kitabu cha kutilia shaka maneno ya Ptolemy. Hiki cha mwisho chanifurahisha khasa: mtu aliyekula kwa kuinakili Majisti hakuogopa kuonyesha makosa yake.

Kikubwa chao ni Kitabul Manadhir, makala saba, katika elimu ya kuona. Wakubwa wa Wayunani, Euclid na Ptolemy miongoni mwao, walisema kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kukigusa kitu. Ibnul Haytham alithibitisha kinyume chake, kwamba nuru hutoka katika kitu ikaingia jichoni. Wala hakulisema neno lile tu, alilijaribu moja moja, kwa taa, na vitundu, na vyumba vilivyotiwa giza. Atakaye kuona mwanzo wake na afunge madirisha ya chumba wakati wa adhuhuri, aache kitundu kidogo tu: ataiona njia ya nje imeandikwa ukutani, watu wakipita vichwa chini. Kamalud-Din Farisi, aliyekufa yapata mwaka 718 (1319), alikisherehesha kitabu hicho kwa Kiarabu. Na Wazungu walikifasiri kwa Kilatini, wakakipiga chapa mjini Basel mwaka 1572, wakasomea kwacho.

Watu wa Iraqi walipotoa noti zao mpya mwaka 2003, walitia sura ya Ibnul Haytham, kwa kukisia, katika noti ya dinari 10,000. Mwenyewe, kwa bei yake, ingelimpasa kunakili miaka sitini na sita na zaidi ili aishike.

KUFA KWAKE

Alikufa Kairo yapata mwaka 430 (1039) au baada yake kidogo. Nimesema baada yake kwa sababu Ibnul Qifti ataja kwamba alikuwa na juzuu ya handasa katika khati ya Ibnul Haytham, iliyoandikwa mwaka 432 (1041); na aliyekuwa na kitu mkononi mwake ana haki ya kusadikiwa kuliko anayehesabu kwa kukisia. Kama ni hivyo, basi mzee yule aliendelea kuandika akiwa na miaka sabini na minane.

Juzuu ile mimi sijui pa kuipata. Lakini iko nakala nyengine ya mkono wake iliyosalimika mpaka leo katika vitabu vya Ayasofya, mjini Istanbul. Nayo ni kitabu cha Apollonius katika elimu ya mikato ya pia, makala saba, kwa kuwa ya nane ilipotea tangu zamani, na Ibnul Haytham mwenyewe alitunga risala ya kuijaza nafasi yake. Makala tatu katika hizo saba asili yake ya Kiyunani haipo tena duniani, zimebaki kwa Kiarabu tu. Tarehe aliyoiandika ni mwezi wa Safar mwaka 415 (1024), mwaka wa nne tangu kufunguliwa minyororo.